Kuwaachia Madaraka si Kuwatelekeza

*Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama, juu ya timu zinazotengeneza programu za kompyuta na namna ya kuzisaidia zijiamulie kazi zao*





Somo nililopewa huenda likawashangaza baadhi yenu, kwa sababu halikuzaliwa shambani wala ghalani. Linahusu timu za watu wanaotengeneza programu za kompyuta, na jinsi mashirika yao yanavyoweza kuziachia timu hizo madaraka ya kujiamulia kazi bila ya kuharibu mambo. Hata hivyo, somo hili linatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vyama vyetu sasa vinaweka katika kompyuta daftari la wanachama, uzito wa mazao na hesabu za malipo. Kwa hiyo sisi ni wateja wa watu hao. Pili, swali linalowasumbua wao, yaani nani aamue nini, na aliye juu amsaidieje aliye chini bila ya kumnyang'anya kazi yake, ndilo swali ambalo Ushirika umeishi nalo tangu ulipoanza.

Nitaanza na mfano ulio karibu nasi. Chukueni chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mwanachama analeta kahawa mara tatu au nne katika msimu. Kila mara kahawa inapimwa, anapewa stakabadhi, na analipwa malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa mnadani, chama kinaondoa gharama na ushuru, kinakata deni la pembejeo, kisha kinagawa malipo ya mwisho kwa kadiri ya kilo za kila mtu. Katibu anayajua hayo kama anavyolijua jina lake. Mtengenezaji wa programu aliyekaa mjini hayajui. Yeye anadhani kwamba anayeleta mzigo hulipwa mara moja na biashara imekwisha. Hivyo anatengeneza programu yenye nafasi ya malipo ya mara moja tu.

Siku programu inapojaribiwa, katibu anaiona kasoro hiyo papo hapo. Sasa nani ana madaraka ya kuisahihisha? Ikiwa mtengenezaji hana ruhusa ya kugusa kitu mpaka mkubwa wake aandike kibali, na mkubwa wake anamngoja Meneja wa Chama Kikuu, naye Meneja anaingoja Bodi itakayokutana baada ya miezi mitatu, basi msimu utakwisha na katibu atakuwa amekwisha rudi kwenye daftari la karatasi. Lakini ikiwa mtengenezaji na katibu wana idhini ya kukaa pamoja na kukata shauri, kasoro hiyo itaondoka wiki ile ile. Tofauti ya hali hizo mbili haitokani na ubora wa mashine wala elimu ya mtengenezaji. Inatokana na mahali yalipowekwa madaraka.

Njia iitwayo ajaili

Kwa miaka mingi programu kubwa za kompyuta zilitengenezwa kwa hatua ndefu zilizofuatana. Kwanza wataalamu waliandika kitabu kizima cha mahitaji. Kitabu kikapelekwa kwa wachoraji wa mpango, mpango ukapelekwa kwa waandishi wa programu, na programu ikapelekwa kwa wajaribu. Mteja aliona matunda mwishoni, pengine baada ya mwaka au zaidi. Njia hiyo haikuwa ya kijinga; yako mambo ambayo umbo lake linajulikana tangu mwanzo, na huko inafaa. Lakini mara nyingi mteja mwenyewe huwa hajui barabara anachokihitaji mpaka akione kikifanya kazi, na wakati kazi inaendelea, bei, sheria na desturi za biashara hubadilika.

Mwezi wa Februari 2001, watu 17 wenye uzoefu mkubwa wa kazi hiyo walikutana Snowbird, katika milima ya jimbo la Utah, Marekani. Hapo walikubaliana tamko fupi na kanuni 12. Njia yao waliipa jina la ajaili, neno la Kiingereza lenye maana ya wepesi, kama ule wa mchezaji anayeweza kugeuka upesi bila ya kuanguka. Walitaka programu itolewe kidogo kidogo na mara kwa mara, mteja awe karibu na kazi siku zote, na mabadiliko yapokelewe badala ya kuogopwa. Kanuni mbili kati ya hizo 12 ndizo zinazotuhusu leo. Moja inasema kwamba kazi nzuri hutoka kwa timu zinazojipanga zenyewe. Nyingine inawataka wenye shirika wawape watu mazingira na msaada wanaouhitaji, kisha wawaamini kwamba wataimaliza kazi. Naomba mzishike mbili hizo pamoja. Wengi wameisoma ile ya kwanza, wakaisahau ya pili.

Katika njia hiyo kuna utaratibu mmoja uliopata umaarufu, uitwao skramu. Jina limetoka katika mchezo wa raga, pale wachezaji wanaposhikana mabega na kusukuma pamoja. Wataalamu wawili wa Japani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walizifananisha timu za viwandani na timu ya raga katika makala yao ya mwaka 1986. Wamarekani Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakautangaza utaratibu huo kwa watu wa kompyuta mwaka 1995. Timu ya skramu ni ndogo, kwa kawaida watu 10 au pungufu. Inafanya kazi kwa vipindi vifupi visivyozidi mwezi mmoja. Kila siku watengenezaji wanakutana kwa dakika 15 kuona wamefika wapi na nini kimewakwamisha. Kipindi kikiisha, wanawaonyesha wateja kitu kinachofanya kazi, kisha wanakaa peke yao kujitathmini.

Madaraka yamegawanywa wazi. Yuko mtu mmoja mwenye kusema ni mahitaji gani yatangulie na yapi yafuate. Huyu tumwite mwenye mahitaji. Yuko mlezi wa timu, ambaye hatoi amri, bali anaondoa vikwazo na kuilinda timu isiingiliwe. Halafu wako watengenezaji, ambao ndio wanaoamua kazi itafanywaje, nani ashike nini, na ni kiasi gani kinachoweza kumalizwa katika kipindi kimoja. Kwa maneno mengine, mteja na shirika wanasema waendako. Timu inachagua njia.

Jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta

Isidhaniwe kwamba fikira hii imezuliwa na watu wa mashine. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth, wa taasisi ya Tavistock ya London, walichapisha uchunguzi wao juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza. Bamforth mwenyewe alikuwa amewahi kufanya kazi machimboni. Waliona kwamba zamani wachimbaji walifanya kazi katika vikundi vidogo vilivyojiongoza: walishika mkataba kwa pamoja, kila mmoja alijua kazi zote, na walitunzana. Zilipoletwa mashine mpya, kazi ilikatwa vipande katika zamu tatu, kila zamu na kipande chake, na msimamizi akawekwa kuwasukuma. Mashine zilikuwa bora, lakini watu walianza kulaumiana zamu kwa zamu, utoro ukaongezeka, na uzalishaji haukupanda kama ulivyotarajiwa. Baadaye, katika miaka ya 1950, yalikuwako machimbo huko Durham ambako wachimbaji walichukua tena kazi nzima kama kundi moja, wakapangiana zamu wenyewe na kugawana malipo ya pamoja, huku mashine zikiwa ni zile zile mpya. Hapo kazi ilikwenda vizuri zaidi. Mashine haikuwa imemlazimisha mtu yeyote kuwanyang'anya wachimbaji madaraka yao. Ulikuwa uchaguzi wa wakubwa.

Fikira hiyo ilivuka bahari ikaenda Norway. Katika miaka ya 1960 wataalamu Einar Thorsrud na Fred Emery walifanya majaribio viwandani, kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na chama cha waajiri. Sheria ya mazingira ya kazi ya nchi hiyo ya mwaka 1977 ikataka kazi ipangwe kwa namna inayompa mfanyakazi nafasi ya kujiamulia. Si ajabu basi kwamba ni katika nchi hiyo hiyo watafiti wamezichunguza kwa makini timu za programu za kompyuta, na kuuliza kwa nini timu zilizotangaziwa kwamba zinajitawala, aghalabu hazijitawali.

Vikwazo sita

Watafiti watatu wa Norway, Nils Brede Moe, Torgeir Dingsøyr na Tore Dybå, walieleza mwaka 2009 vikwazo sita vya namna hiyo. Vitatu viko ndani ya timu yenyewe, na vitatu viko katika shirika linaloizunguka. Nitavieleza kwa lugha yetu na kuvilinganisha na mambo tunayoyajua.

Kikwazo cha kwanza ni kila mtu kushughulikia kipande chake tu. Watu wanakaa chumba kimoja, lakini aliyemaliza sehemu yake hamsaidii mwenziwe aliyekwama. Hiyo ni timu ya jina. Katika chama ni kama mpimaji anayesema kwamba makosa ya stakabadhi hayamhusu, wakati mkulima anayeumia ni mmoja.

Kikwazo cha pili ni mtu mmoja kuamua mambo ya wote bila ya kuwashauri wenziwe. Mara nyingi ndiye mwenye ujuzi mwingi, naye hafanyi kwa ubaya. Lakini wenziwe wakizoea, wataacha kufikiri.

Kikwazo cha tatu ni kutojifunza. Timu inafanya kikao cha kujitathmini, inataja matatizo yale yale kila mara, na hakuna linalobadilishwa. Nanyi mnazijua kumbukumbu za mikutano ambamo ajenda ya yatokanayo ni ile ile kwa miaka mitatu.

Kikwazo cha nne, na hapa tumetoka nje ya timu, ni kuwagawa watu. Mtengenezaji mmoja anawekwa katika timu mbili au tatu, na kila anayemhitaji anadhani kwamba ni wake. Timu haiwezi kuahidi jambo ikiwa nusu ya watu wake wanaweza kuchukuliwa asubuhi bila ya taarifa. Katibu aliyewahi kuhudumia vyama viwili kwa wakati mmoja hahitaji kuelezwa zaidi.

Kikwazo cha tano ni udhibiti wa shirika. Wakubwa wanatangaza kwamba timu inajiamulia, lakini maamuzi yenye uzito yanaendelea kutolewa juu, na timu inaletewa tarehe za kumaliza ambazo haikuulizwa. Watu wazima wakifanyiwa hivyo hawagombani, wanaitikia tu. Wanaacha kusema ukweli juu ya matatizo, kwa kuwa ukweli hauna faida. Huu ni ugonjwa mbaya kuliko kunyimwa madaraka waziwazi, kwa sababu anayenyimwa waziwazi angalau anajua amesimama wapi.

Kikwazo cha sita ni desturi ya ubingwa uliopita kiasi: shirika linamsifu na kumpandisha cheo mtu anayejua jambo moja peke yake, na halimpi sababu ya kuwafundisha wengine. Siku bingwa huyo anapougua, kazi inasimama. Chama ambacho nywila ya kompyuta inajulikana na karani mmoja tu kimekaa juu ya hatari hiyo hiyo.

Msaada ni nini

Ndugu wajumbe, mkivitazama vikwazo hivyo mtaona kwamba havindoki kwa wakubwa kuondoka. Kama Meneja angefunga mlango na kusema, "Amueni wenyewe, nisisumbuliwe," kikwazo cha kwanza, cha pili na cha tatu vingebaki pale pale, na cha nne kingezidi. Hapa ndipo palipo moyo wa mazungumzo yangu. Kuachia madaraka ni kazi, na aliye juu ndiye mwenye kazi kubwa. Msaada wenyewe, kwa jinsi ninavyouelewa, una sehemu tano.

Sehemu ya kwanza ni lengo lililo wazi, pamoja na mipaka yake. J. Richard Hackman wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechunguza timu za kila namna kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba kiongozi hana budi kuwa imara juu ya mwisho unaotakiwa, na kuiachia timu namna ya kuufikia. Akifanya kinyume, yaani akaamuru kila hatua na kuficha lengo, ameharibu mara mbili. Lengo lisemwe kwa maneno ya mtumiaji: "Mwanachama apate stakabadhi sahihi kabla hajaondoka mizanini." Mipaka nayo isemwe mapema: fedha ni kiasi hiki, sheria ni hizi, na siri za wanachama zilindwe hivi.

Sehemu ya pili ni timu iliyokamilika na isiyovunjwavunjwa. Ujuzi wote unaohitajika uwemo ndani yake, akiwemo mtu anayeijua kazi ya chama. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Kahawa isipokuwa na msemaji katika timu, programu itatengenezwa kwa mfano wa duka.

Sehemu ya tatu ni habari. Timu isiyojua hali ya fedha, malalamiko ya watumiaji na mipango ya shirika haiwezi kuamua vizuri, hata ikiwa na ruhusa. Ni afadhali mtengenezaji asimame siku mbili kando ya mizani wakati wa msimu kuliko kusomewa barua kumi.

Sehemu ya nne ni malezi. Kujiamulia ni ustadi, na ustadi hufundishwa. Timu mpya isibebeshwe mambo yote siku ya kwanza. Iongezewe madaraka kadiri inavyoonyesha kwamba inayaweza. Ikikosea kwa nia njema, kosa lizungumzwe kama somo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kosa lisamehewe, uongo juu ya kosa usisamehewe.

Sehemu ya tano ni kuziunganisha timu zilizo huru. Shirika lenye timu nyingi, kila moja ikijichagulia njia, linaweza kutawanyika. Kampuni ya muziki ya Spotify, iliyoanzishwa Sweden, ilijulikana sana kwa jambo hili. Katika maelezo yaliyotolewa mwaka 2012 na Henrik Kniberg na Anders Ivarsson, kampuni hiyo iligawanywa katika vikosi vidogo, kila kikosi kikiwa na jukumu lake la kudumu. Vikosi vyenye kazi zinazokaribiana vilikusanywa katika kundi kubwa lililoitwa kabila. Watu wa ujuzi mmoja ndani ya kabila walikuwa na chapta yao, na wapenda jambo fulani kutoka kampuni nzima walikutana katika chama cha ustadi. Kwa namna hiyo walipashana maarifa bila ya amri. Waandishi hao walionya wenyewe kwamba walikuwa wakieleza hali ya wakati ule tu; hata hivyo, mashirika mengi yaliyachukua majina ya vikosi na makabila na kuyaacha madaraka yakiwa yamekaa mahali pale pale pa zamani. Kubadilisha kibao cha mlangoni hakubadilishi nyumba.

Tunajua pande zote mbili

Sisi wanaushirika wa Tanzania tuna haki ya kulizungumza jambo hili, kwa kuwa tumeonja pande zote mbili za uchungu wake. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na mamlaka za mazao na mashirika ya umma. Maamuzi yaliyokuwa yakifanywa na wajumbe waliochaguliwa na wakulima yakaenda kwa maofisa ambao mkulima hakuwachagua wala hakuweza kuwaondoa. Ilihitajika Sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha vyama hivyo. Huo ulikuwa upande wa kunyimwa madaraka.

Upande wa pili ulikuja baadaye. Sheria ya mwaka 1991 ilitilia mkazo uhiari wa wanachama na haki yao ya kujiongoza, nayo ilikuwa hatua njema. Lakini katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa, pamba na mazao mengine ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, vyama vingi vilijikuta viko huru bila mtaji, bila elimu ya kutosha ya biashara, na vikiwa na madeni ya zamani mgongoni. Viliambiwa vishindane na watu wenye fedha taslimu mkononi. Vingine vilikufa, na mkulima hakuambiwa kwamba ameachiwa madaraka. Yeye aliona tu kwamba ghala limefungwa.

Kwa hiyo mtu anayesimamia timu ya programu akiniuliza ni lipi baya zaidi, kuingilia au kutelekeza, nitamjibu kwamba yote mawili humfikisha mkulima mahali pamoja.

Tazameni misingi saba iliyokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995. Msingi wa nne ni kujitawala na uhuru wa chama. Msingi wa tano, unaofuata mara moja, ni elimu, mafunzo na habari. Msingi wa sita ni ushirikiano baina ya vyama. Naona hekima katika mfuatano huo. Uhuru haukuachwa usimame peke yake. Umewekewa elimu upande mmoja na wenzake wa kushirikiana nao upande wa pili. Wale watu 17 wa Utah, miaka sita baadaye, walipoweka kanuni ya timu kujipanga pamoja na kanuni ya msaada, walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine.

Je, ukaguzi unaondoka?

Najua swali lililo vinywani mwenu, hasa kwa kuwa msemaji ni mkaguzi. Tukiwaachia, hawatatuibia? Na timu inayojiamulia inakaguliwa vipi?

Jibu ni kwamba madaraka na uwazi huenda pamoja. Timu nyingi za ajaili zina ubao ukutani, au katika kompyuta, wenye safu tatu: kazi zinazongoja, kazi zinazofanywa, na kazi zilizokwisha. Anayeingia anaona. Kila mwisho wa kipindi wanaonyesha kazi mbele ya wateja, na programu isiyofanya kazi haiwezi kufichwa kwa ripoti nzuri. Huo ni ukaguzi wa mara kwa mara kuliko ule wetu wa mwaka.

Pia yako mambo ambayo si ya timu. Kiwango cha ushuru wa chama kinaamuliwa na mkutano mkuu, si na mtengenezaji. Makisio ya mapato na matumizi yana utaratibu wake. Ukomo wa madeni unawekwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, kwa mujibu wa Sheria Na. 6 ya mwaka 2013. Timu ikiambiwa tangu mwanzo kwamba hayo ni mipaka, haitaona kwamba imeonewa. Mkaguzi mwema huangalia kama hesabu ni za kweli na kama mipaka imeheshimiwa. Hasimami nyuma ya karani kumwelekeza namna ya kushika kalamu.

Yatupasayo kufanya

Namalizia na mambo matano ambayo chama kinaweza kuyafanya wakati wowote kinapoagiza programu, au Chama Kikuu kinapoajiri timu yake yenyewe.

La kwanza, mteueni mtu mmoja awe mwenye mahitaji, na mkutano wa Bodi uandike madaraka yake katika kumbukumbu. Awe katibu au karani anayeijua mizani, na apunguziwe kazi nyingine. Mwenyekiti, Meneja na Mhasibu wasiipigie timu simu kila mmoja na amri yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wenye neno walipitishe kwake.

La pili, mkataba ugawanywe katika vipindi vifupi, na malipo yafuate kazi iliyoonekana ikifanya kazi. Msilipe kitabu cha ahadi. Katika mfano wangu wa kahawa, malipo ya awali na malipo ya mwisho yangeulizwa katika wiki za mwanzo kabisa, wakati kusahihisha ni rahisi.

La tatu, anzeni na vyama viwili au vitatu vilivyo tayari, na makatibu wake wahudhurie maonyesho ya kila kipindi. Msianze na vyama vyote kwa siku moja kwa sababu tu sherehe imepangwa.

La nne, msiwahamishe watu wa timu katikati ya kazi, na msiwaombe "kwa siku mbili tu". Ikilazimu, mwenye mahitaji aulizwe kwanza, na tarehe ya kumaliza isogezwe waziwazi.

La tano, kila baada ya miezi mitatu Bodi ijiulize maswali haya mbele ya timu: Ni uamuzi gani mliotaka kuufanya mkazuiwa? Ni msaada gani mliouomba msiupate? Ni jambo gani mliloliamua, ambalo sasa mngeliamua vingine? Kisha Bodi inyamaze na kusikiliza. Majibu yakiwa "hakuna" mara zote, msifurahi. Ama timu haina madaraka yoyote, ama inaogopa.

Ndugu makatibu, mkirudi vyamani mwenu mtaweza kuyauliza maswali hayo matatu hata mahali ambapo hakuna kompyuta: kwa mpimaji, kwa mlinzi wa ghala, kwa kamati ya pembejeo. Nanyi mna haki ya kutaka Chama Kikuu kiwaulize ninyi. Nitakapokuja kukagua, nitaomba kuona kumbukumbu za kikao ambacho maswali hayo yaliulizwa, pamoja na yale yaliyofanywa baada ya majibu kupatikana.